Tai wa Loma Clara Hawakushindwa Msimu Huu

Mheshimiwa Gavana wa mkoa, uliyewakilishwa na dereva wako, Baba Paroko, waheshimiwa madiwani mliofika na mlio njiani, Doña Mireya Polanco, kocha wa watoto wa mtaa, ambaye namwona amesimama kando ya geti ingawa viti vipo, wadau wote wa besiboli wa Loma Clara, itifaki imezingatiwa.

Kabla ya yote nakiri jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata marehemu mama. Utotoni, timu zilipogawanywa, mimi Eliseo Tavárez sikuchaguliwa hata siku moja. (Sauti: "Tunajua, Don." Kicheko.) Ndiyo maana, nilipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Michezo, niliapa kwamba mji huu utakuwa na timu ya kulipwa, Tai wa Loma Clara; na ndiyo maana, kwa kuzingatia upembuzi yakinifu na mkakati shirikishi wa kulinda nyasi, uwanja ulio nyuma yangu umefungwa kwa kufuli tangu Oktoba, na ufunguo umekaa salama mfukoni mwangu. (Minong'ono.)

Leo msimu umekwisha, nami natoa taarifa kifua mbele. Tai hawakushindwa mchezo hata mmoja. (Makofi ya dereva wa Gavana.) Hakuna mrushaji aliyeumia bega, hakuna mwamuzi aliyetukanwa wala mama yake, na wakati timu za mji mkuu zilipofukuza makocha kabla ya Krismasi, sisi hatukufukuza yeyote. Nyasi zimestawi kwa asilimia mia moja na arobaini, na mbuzi wa Fausto ni mashahidi. (Fausto: "Wamenenepa, Don, Mungu akubariki.") Msimu ujao tutafunga ubao wa matokeo wa umeme, umeme ukiwepo.

Wapo wanaobeza kwamba watoto wamesukumwa barabarani, wanapiga vifuniko vya madumu ya maji kwa mipini ya ufagio. Ndugu zangu, hayo ni mazoezi ya kiwango cha juu: anayepiga kifuniko kinachoyumba kama nzi, mpira mzima utamshindaje? (Doña Mireya: "Juzi Yunior kaponea chupuchupu, pikipiki imempita hapa. Watoto wanataka uwanja wao, Don.") Hoja imepokelewa, itaundiwa kamati ndogo. (Watoto wanagonga geti kwa mipini ya ufagio.) Na kamati hiyo itaharakishwa. (Wanagonga zaidi.)

Nihitimishe. Tai hoyee! (Hoyee ya dereva.) Nyasi hoyee! (Hoyee ya Fausto.) Mwisho kabisa nawashukuru wachezaji wetu kwa kujituma msimu mzima, na yeyote atakayemwona mmoja wao aniletee jina lake ofisini, kwa kuwa mpaka sasa hatujampata hata mmoja, wala ligi haijajibu barua yetu ya kuomba kuingia. Asanteni kwa kunisikiliza.

Nikashuka jukwaani. Doña Mireya alikuwa amekinga kiganja. Nikauweka ufunguo hapo. Watoto waliingia mbio, wakawafukuza mbuzi, wakagawana timu palepale. Upande mmoja ukapungukiwa mtu. Doña Mireya akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Haya, njoo wewe, Don," akasema. "Kule nyuma kabisa, kushoto."

Nikavua koti, nikamwachia dereva wa Gavana, nikaenda kusimama kule.