Ndege ya Paul na Ng'ombe wa Papa Gustave

Jumatatu, 7 Julai 1958. Mushaki.
Papa Gustave amepata barua. Mdogo wake Paul, muuguzi, aliyealikwa kutazama maonyesho makubwa kule Bruxelles, anarudi. Atapanda ndege kesho jioni, atashuka Kisangani, kisha gari mpaka kwetu. Papa Gustave anataka kumchinjia ng'ombe siku ileile ya kufika, padri akiwepo. Lakini siku gani? Hakuna anayejua. Basi njia imefunguka! Mimi ni mwalimu, nina karte ya dunia ukutani. Papa Gustave ana binti, Adelaïde.

Jumanne, 8 Julai.
Nimepima karte kwa uzi. Bruxelles hadi Kisangani, kilometa elfu sita kasoro kidogo. Ndege inakata mia nne kwa saa. Saa kumi na tano. Nimeongeza mbili za kushuka njiani kunywa mafuta. Kesho adhuhuri yuko Kisangani. Toka hapo hadi Mushaki, upana wa kidole gumba tu. Kwa huruma nimelipatia gari saa kumi nzima, na usingizi juu yake. Alhamisi adhuhuri Paul yuko mezani.
Faustin, dereva wa kamio ya mizigo, naye anamtaka Adelaïde. Alisema mbele ya watu tungoje kwanza, mvua imeharibu njia ya kutoka Kisangani.
“Mwalimu Floribert,” akasema, “matope ya Walikale haijue kusoma karte.”
Nikajibu kwamba huo ni wivu wa mtu asiyejua kugawanya. Papa Gustave aliniuliza kama niko na hakika. Nikamwambia hesabu haidanganyi. Akatuma mtu kwa padri.

Alhamisi, 10 Julai.
Ng'ombe amechinjwa asubuhi. Nilivaa koti, na hotuba ya kurasa nne mfukoni. Adhuhuri, hakuna Paul. Saa nane, hakuna. Saa kumi padri akatazama sufuria, akasema ana misa ya mapema kesho. Papa Gustave akaamuru watu wale. Walikula mpaka mifupa. Nami nilikula, sahani mbili, kwa uchungu. Adelaïde alinipakulia akitazama kwingine.

Jumapili, 13 Julai.
Paul amefika, ndani ya kamio ya Faustin! Faustin alikwenda Walikale kubeba mchele, akamkuta ameketi juu ya sanduku kando ya gari lililozama, siku ya pili bila chakula, suti ya Bruxelles matope mpaka kiunoni. Tulimkaribisha kwa maharage.
Nilimwuliza ndege ilitua lini. Akasema Jumatano adhuhuri. Jumatano adhuhuri kabisa! Nikasimama kuwatangazia watu. Hakuna aliyepiga makofi.
“Mwalimu,” akasema Papa Gustave polepole, “ndege yako ilifika. Ng'ombe yangu njo haikumungojea.”
Kisha akamketisha Faustin kati ya Paul na Adelaïde. Nilirudi nyumbani na hotuba yangu.

Jumatatu, 14 Julai.
Nimefikiri vizuri. Kosa si la hesabu. Kosa ni la barabara, haikujengwa sawasawa na karte.
Nimesikia Mama Elisabeth wa Sake anamngoja mwanawe, anayekuja kwa ndege toka Léopoldville. Tena Mama Elisabeth ana binti mzuri sana, Béata. Nimeshapima. Nimempelekea barua: achinje Ijumaa, asubuhi na mapema.