Faili Tupu la Ubwa

Tangazo lilitoka Jumatatu asubuhi, likabandikwa kwenye kila ukuta wa Mji Mkongwe: kuanzia tarehe mosi, kila raia atakuwa na maoni matatu. Moja la siasa, moja la mitandao, moja la burudani. Yatasajiliwa Idara ya Maoni Binafsi, dirisha nambari mbili, kwa barua ya sheha na picha mbili ndogo. Anayetaka kubadilisha maoni atarudisha kwanza yale ya zamani, yakiwa katika hali nzuri.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Azzan, alieleza redioni kwamba lengo ni kupunguza msongamano. Utafiti uligundua kwamba kwenye baraza moja tu ya Mkunazini, baina ya alasiri na magharibi, yanatoka maoni elfu nne, na elfu tatu na mia tisa kati ya hayo yanajirudia. "Hakuna nchi inayoweza kuendelea namna hiyo," alisema. Mtangazaji akasema ni kweli kabisa, na hapo hapo akawa ameshatumia moja lake la siasa.

Watu wakenda kusajili. Mcha muuza kahawa alisajili kwamba refa aliwaonea, basi ikawa kila jioni anamimina kahawa na kusema refa aliwaonea, wateja wanaitikia yale yao, halafu kimya. Baraza ikawa kama ukumbi wa kusubiria daktari wa meno. Idara ikaandika kwenye ripoti: utulivu umeongezeka.

Mtu mmoja tu hakusajili, na huyo alikuwa Ubwa, fundi simu wa Darajani. Ubwa aliacha skuli kidato cha pili, baada ya kumwambia mwalimu wa jiografia kwamba ramani aliyoichora ubaoni ni muhogo. Maoni matatu yasingemfikisha hata saa tatu ya asubuhi. Lakini Ubwa alikuwa anampenda Ibtisam, na Ibtisam alikuwa binti wa Bwana Azzan.

Shangazi yake, Bi Mashavu, aliyemlea tangu mdogo pale Malindi, alipeleka wazee na barua ya posa. Bwana Azzan aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akawaambia:

"Kijana simkatai. Ila mwanangu simpi mtu mwenye mdomo ule. Alete Cheti cha Kutokuwa na Maoni."

Cheti hicho kilikuwemo ndani ya kanuni tangu mwanzo, ila hakuna mtu aliyewahi kukiomba. Masharti yake: siku arubaini bila ya kutoa maoni yoyote, faili liwe tupu, halafu usaili mbele ya kamati. Ukiteleza mara moja, basi. Hakuna cheti, hakuna Ibtisam.

Siku ya kwanza akaja Kificho, Afisa Mfuatiliaji, na kiti chake cha plastiki, daftari na chupa ya maji. Akakaa mlangoni pa kibanda cha Ubwa.

"Leo jua kali, ee, fundi?"

Ubwa akafungua mdomo. Akaufunga.

"Jua lipo," alisema.

Kificho akaandika: *Amekiri kuwepo kwa jua.*

Akaja mama mmoja na simu iliyoanguka chooni. "Mwanangu, hii itapona au nitafute nyengine?"

Ubwa aliitazama ile simu. Ilikuwa inatoa maji hata pale pa kuwekea chaji. Enzi zake angemwambia, bibi we, hii nenda kaizike.

"Simu umeileta," alisema.

"Najua nimeileta! Nakuuliza itapona?"

"Maji nayaona."

Yule mama akamwendea fundi wa pili. Ubwa akabana bisibisi kwa meno mpaka mpini ukaingia alama.

Siku ya ishirini na mbili, ndipo mambo yalipoharibika. Mheshimiwa Waziri alikwenda Bububu kuzindua benchi. Benchi la umma, la saruji, la watu watatu. Alipomaliza kukata utepe, vijana wakaweka singeli, Mheshimiwa akacheza, na mwenyewe akaiposti video mtandaoni.

Kisiwa kizima kiliitazama, Nungwi mpaka Makunduchi. Ikatazamwa madukani, ikatazamwa jikoni. Watu wakatazama mpaka mwisho, wakavuta pumzi waseme, halafu wakakumbuka: maoni yao matatu yashajaa. Mwenye refa ana refa wake. Mwenye tamthilia ana tamthilia yake. Unguja nzima ikabaki na neno moja limekwama kooni.

Kufika adhuhuri kulikuwa na foleni mbele ya kibanda cha Ubwa, na hakuna hata mmoja aliyeleta simu mbovu.

"Ubwa, yakhe," alisema Mcha, kanzu imeloa jasho, "wewe ndo mwenye nafasi. Tusemee! Mara moja tu!"

"Ile miguu, Ubwa!" mwengine alilia. "Ile miguu!"

Kificho akaweka kalamu tayari.

"Mheshimiwa," Ubwa alisema pole pole, mishipa ya shingo imemtoka, "miguu anayo."

Watu wakatawanyika kama waliotoka mazikoni.

Siku mbili baadaye alikuja Ibtisam mwenyewe, eti kioo cha simu kimepasuka. Kilikuwa hakina hata mkwaruzo. Alivaa baibui jipya, la nakshi mikononi, akageuka kidogo upande huu, kidogo upande ule.

"Baibui langu, fundi. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umelionaje?"

"Kwa macho."

Kificho alikohoa kwa heshima, akaandika.

"Ubwa, nimelishona wiki tatu!"

"Siku kumi na sita, Ibtisam. Zimebaki siku kumi na sita tu."

"Baba anatafuta mkwe au anatafuta mtungi?" Akachukua simu yake nzima akaondoka. Alipofika kona akageuka. "Na mie nshasajili yangu matatu. Yote juu yako. La burudani ndo baya zaidi, usije ukaniuliza!"

Usiulize Ubwa alilalaje siku ile.

Siku ya arubaini ikafika. Usaili ulifanyika ukumbi wa Idara, na ukarushwa mubashara kwenye ukurasa wa Idara ili wananchi wapate mfano mwema. Ukurasa ulikuwa na wafuasi arubaini na moja, wote waajiriwa. Bwana Azzan alikaa katikati ya kamati, koti jeusi, kofia imesimama.

"Urojo mzuri hapa mjini unauzwa wapi?"

"Urojo unauzwa," alisema Ubwa.

"Taarab na singeli, ipi bora?"

"Zote zina sauti."

"Serikali unaionaje?"

"Ipo."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akafuta chozi. Walikuwa hawajawahi kuona raia safi namna ile.

"Swali la mwisho," alisema Bwana Azzan. "Video ya Mheshimiwa pale Bububu. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Una maoni gani?"

"Sina."

Sasa hapa yataka ueleweshwe jambo. Kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe, Mkurugenzi haruhusiwi kuwa na maoni hata moja, kwa kuwa yeye ndiye mtunzaji wa ya wenziwe. Na ile video Bwana Azzan aliitazama mara hamsini, peke yake ofisini, mlango kafunga kwa funguo. Siku kumi na nane hajamwambia mtu.

"Huna kabisa?" aliuliza.

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Sina, Bwana Mkurugenzi."

"Ubwa, wewe si mzima!" Bwana Azzan alisimama, kofia ikaenda upande. "Mtu mzima, na suti yake, na tai yake, anakanyagakanyaga chini kama anaua mende! Na mende wanamshinda! Na wewe unakaa hapo unaniambia huna maoni?"

Usaili ukavunjika hapo hapo, cheti kikabaki hakijatolewa. Kikasikika kitu kimoja tu, kalamu ya Kificho.

Wale wafuasi arubaini na moja waliituma video ya usaili kwa jamaa zao, na jamaa kwa jamaa zao. Kufika alasiri walishaiona watu laki mbili. Jioni simu ikatoka Wizarani: Mkurugenzi ametoa maoni yasiyosajiliwa. Mpaka Ijumaa adhuhuri maoni hayo yawe na mwenyewe, la sivyo Bwana Azzan atahamishiwa Paje, Kitengo cha Kuhesabu Mwani.

Njia ilikuwa moja tu. Kanuni ya tisa: maoni yanaweza kuhamishwa kwa mtu mwengine, ila faili la anayepokea liwe na nafasi. Wakapekua kabati zote za Idara usiku na mchana. Unguja nzima ilikuwa na faili moja tupu.

Alhamisi baada ya alasiri, Bi Mashavu alisikia hodi. Kufungua, wazee wanne wa kanzu na makoti, na nyuma yao Bwana Azzan, mkononi kashika barua iliyofungwa ndani ya kitambaa.

"Shikamoo, Bi Mashavu," alisema Bwana Azzan.

"Marahaba. Karibuni, kaeni." Akawatandikia busati, akawawekea halua na kahawa, akakaa, akangoja.

Mzee msemaji akasafisha koo. "Bi Mashavu, tumekuja na haja. Tumesikia nyumba hii ina kijana, na kijana ana faili, na faili lake halijaandikwa kitu."

"Halijaandikwa."

"Na sie tuna maoni. Yametoka nyumba nzuri, tunayajua asili yake. Tunaomba yapate pa kukaa."

"Yana umri gani?"

"Siku tatu."

"Yashawahi kusemwa na watu?"

Mzee akatazama kikombe chake. "Kidogo tu."

"Laki mbili," alisema Ubwa kutoka pembeni.

"Ubwa, mwanangu," Bwana Azzan alisema kwa sauti ya chini, "niokoe. Yachukue."

Ubwa alimtazama sana. Yale maoni mwenyewe alikuwa anayatamani tangu siku ya ishirini na mbili, yalishamfanyia kidonda kwenye ulimi. Lakini akiyachukua faili halitakuwa tupu tena, na siku arubaini zote zimekwenda bure.

"Ntayachukua," alisema. "Ila kwanza uandike hapa, mbele ya wazee, kwamba Ibtisam umenipa, cheti au bila ya cheti. Nakwambia wazi, baba, kile cheti ni upuuzi, na aliyekitunga alikuwa hana kazi ya kufanya."

"Nlikitunga mimi," alisema Bwana Azzan.

"Najua."

Bwana Azzan akaandika. Wazee wakashuhudia. Halafu ikatolewa fomu ya uhamisho, Ubwa akasaini, muhuri ukagongwa, na yeye akasimama katikati ya busati, akavuta pumzi ya siku arubaini.

"Anacheza kama anaua mende!" alipiga kelele. "Na mende wanamshinda! Na lile baibui lilikupendeza, Ibtisam, popote ulipo! Na urojo wa Forodhani siku hizi maji matupu!"

Kabla hajamaliza, simu ya Bwana Azzan ikalia. Akaiona namba, akasimama wima, na kwa adabu akaweka sauti kubwa wazee wasikie.

"Azzan!" ilisema sauti ya Mheshimiwa Waziri. "Hebu nambie, yale maoni ya mende uliyoyatoa, kwenye faili ni ya nani? Nimecheka mimi mpaka mbavu zinauma! Vijana wameufanya mtindo, wanaucheza Bwejuu, wanaucheza mpaka bara, kila mtu ananiita Mzee wa Mende. Sijawahi kupendwa namna hii! Mwenye maoni yale namtaka. Kuanzia Jumatatu Idara nampa yeye."

Bwana Azzan aliitazama fomu. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Faili linasema ya nani?" Mheshimiwa aliuliza tena.

"Ya... ya mkwe wangu, Mheshimiwa."

"Hongera kwa kuwa na mkwe! Na wewe je, una maoni gani?"

Bwana Azzan alitafuta kichwani. Hakukuwa na kitu.

"Basi pumzika nyumbani," alisema Mheshimiwa, akakata.

Wazee wakatafuna halua bila ya kutazamana. Bwana Azzan akapiga magoti mbele ya Ubwa, kofia mkononi.

"Mwanangu, nirejeshee. Yalikuwa yangu, unajua yalikuwa yangu."

Ubwa akataka kujibu, lakini Bi Mashavu alishanyanyua mkono.

"Bwana Azzan," alisema, "barua umeleta mwenyewe. Wazee umekuja nao mwenyewe. Tumeulizana asili, tumepokea, na muhuri umegongwa mbele ya mashahidi. Maoni yenu yameingia nyumba hii kwa heshima, na sisi hatujayaona na kasoro yoyote." Akammiminia kahawa. "Nenda kalale. Nyumba hii tukishaoa hatuachi."