Nguruwe Wangu Mikononi mwa Polisi

Jumatatu, 4 Mei

Polisi wamemkamata nguruwe wangu! Eti kalala katikati ya njia ya ndege. Nani hapa kisiwani halali pale joto likizidi? Hata mchungaji wa kanisa hulala pale. Na Jumamosi mjukuu wangu Lofia anaolewa. Harusi bila nguruwe! Vaiolupe, bibi yake bwana harusi, atanicheka mpaka jino lake la mwisho lidondoke.

Jumanne, 5 Mei

Nimempelekea Sajini Apinelu samaki na magimbi yetu ya pulaka kwa nazi. Mwana wa dada yangu, nimemwogesha mimi. Kala, kalamba vidole, kisha eti Mama, sheria ni sheria. Nikamwambia sheria haikumfuta makamasi. Wenzake hoi kwa kicheko. Bwana harusi mwenyewe, Konstebo Nikotemo, akanikonyeza. Ana wazimu?

Jumatano, 6 Mei

Nimepata akili! Kesho ndege ya kila Alhamisi inakuja. King'ora kikilia, polisi wote wa taifa hili hukimbilia uwanjani kufukuza watoto, mbwa na wacheza voliboli. Kituoni hubaki paka.

Alhamisi, 7 Mei

King'ora kimelia. Wametoka. Nimekata kamba. Nguruwe kachomoka, moja kwa moja njia ya ndege! Kumbe ndiko ninakomlishia nazi. Mimi nyuma, nimeshika shuka niliyojifunga isidondoke. Ndege ikashuka, ikatuona, ikapaa tena. Apinelu akapiga kelele, Mama, unaniaibisha! Vaiolupe akasema kwa sauti kwamba nina mbio nzuri, miguu ndiyo mibaya. Niko mahabusu. Nguruwe pia.

Ijumaa, 8 Mei

Lofia kaja analia. Kumbe yeye ndiye alimwomba Nikotemo amtunze nguruwe kituoni, maana mimi simfungi, asije akapotea kabla ya harusi. Kesho asubuhi angerudishwa. Kila mtu alijua! Mbona hawakuniambia? Eti ningeharibu. Mimi! Mkuu wa polisi kasema makosa yamefanywa na wawili, mmoja lazima abaki ndani mpaka Jumatatu. Nikamwambia basi huyo wa miguu minne aende harusini. Lofia akanikumbatia kupitia nondo. Nimemfukuza, atavimba macho.

Jumamosi, 9 Mei

Polisi wote wako harusini. Apinelu kaniachia ufunguo nijilinde. Nimejilinda vizuri. Nimesikia wanavyocheza, nikaimba humu humu mpaka koo likakauka. Jioni Vaiolupe kaniletea kipande cha nguruwe wangu chenye mafuta, machozi yanamtoka. Kasema ukoo wake umepata bibi wa kweli. Nikamwambia akae, aache upuuzi. Tumekula pamoja. Kasema nguruwe wake naye kafungwa nyuma ya kituo, anatunzwa vizuri.

Anatunzwa! Maskini, haelewi. Wamemkamata. Nimemshika mkono, nimemwambia asijali.

Alhamisi ndege inakuja.