Waraka wa Kustaafisha Neno "Kusafisha"

Wananchi wa Hedaru walitangaziwa habari njema: kuanzia Jumatatu, hakuna tena kusafisha picha. Neno hilo, pamoja na wenzake mkanda na negativu, limestaafishwa kwa Waraka Namba Saba wa Kamati ya Istilahi za Picha, kwa kuwa teknolojia imesonga mbele na maneno hayawezi kuachwa yakizurura mitaani. Sasa kutakuwa na "utoaji nakala ngumu wa taswira ya kidijitali". Mwenyekiti wa kamati, Bwana Zebedayo, alilitamka mara mbili, ya pili akisoma.

Eliakunda, mpiga picha wa karibu na stendi, alicheka peke yake. Miaka kumi na tano hajagusa mkanda, lakini wateja wake wote, hata wenye simu za kisasa, huingia na maneno yaleyale: "Shikamoo mama, nisafishie hii." Bango lake limeandikwa TUNASAFISHA PICHA, maana nani atashuka na bodaboda kutoka Chome, kule mlimani, kutafuta nakala ngumu?

Alhamisi kamati ikamfikia. Wajumbe watano, bango moja.

"Unasafisha nini humu?" akauliza Zebedayo.

"Picha, mwenyekiti."

"Kwa maji?"

"Maji ya nini tena? Kwa printa."

"Basi unaupotosha umma."

Wakafunga mlango, wakabandika karatasi yenye muhuri. Ndani zikabaki, bado hazijasafishwa, picha za kipaimara za watoto arobaini wa Chome, na wazazi wanazifuata Jumamosi. Eliakunda alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya watu wanaoandika muhtasari.

"Jamani, wazazi wameshalipa! Nitawaambia nini?"

"Uwaambie siku tisini," akajibu Zebedayo kwa upole. "Jalada lazima liive."

Ijumaa akaja mgeni rasmi, mkubwa wa kamati zote, kuuzindua waraka. Eliakunda akaitwa apige picha, kwani mpiga picha mwingine hakuna. Mgeni akakata utepe, akapigiwa makofi, kisha akamgeukia, kipaza sauti bado kiko mdomoni:

"Mama, utanisafishia saa ngapi? Nataka niondoke nazo."

Mwandishi wa muhtasari akaweka kalamu chini.

"Mimi niko tayari, mheshimiwa. Ila neno hilo limekatazwa, na printa yangu imefungiwa kwa ajili yake."

"Limekatazwa na nani?"

"Na wewe, mheshimiwa. Umezindua sasa hivi."

Watu waliangua kicheko. Mgeni akamwangalia Zebedayo. "Kafungue."

"Kanuni inataka siku tisini, mheshimiwa, na barua ya kujieleza kutoka kwa aliyetamka..."

"Kutoka kwa nani?"

Dakika chache baadaye Zebedayo alikuwa amepiga magoti mlangoni, suti na tai, akikwangua karatasi yake kwa kucha, huku simu za watu zikimpiga picha kila upande.

Mlango ulipofunguka, Eliakunda alimwonyesha mgeni rasmi benchi.

"Kaa hapo, mheshimiwa. Nasafisha za Chome kwanza."