Namna ya Kuugua Kabla ya Alhamisi

Jumapili, 12 Oktoba
Balaa! Mwalimu Ghubashi amenichagua kusoma hotuba ya asubuhi Alhamisi. Uwanjani, mbele ya mji mzima wa Minya. Nikamwambia sauti yangu ni ndogo. Akasema kipaza sauti kilibuniwa kwa watu kama mimi. Darasa likacheka.
Njia ni moja: kuugua. Ugonjwa wa kuambukiza, unaoonekana. Nimetoa kitabu cha marehemu babu cha magonjwa ya ngozi. Nimechagua choa: duara, kingo nyekundu, katikati safi. Rahisi kuchora.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimejichora choa shingoni kwa hina ya bibi. Kazi safi! Daktari Safinaz wa zahanati ya shule hata hakugusa. Alinusa. Akauliza harusi ni ya nani. Akanirudisha darasani.
Kitabu hakikutaja harufu.

Jumanne, 14 Oktoba
Ukurasa mwingine. Wekundu wa kawaida ukibonyezwa kwa gilasi hufifia. Damu iliyovuja chini ya ngozi haififii, na hapo daktari hushtuka. Basi nahitaji damu iliyovuja.
Nimemwambia bibi mgongo unauma. Akakimbilia vikombe vyake vya kuumikia, vile vinavyofyonza ngozi. Akasema nitulie, babu yangu aliumikwa maisha yake yote na hakuwahi kulia kama mbuzi. Nililia kama mbuzi.
Lakini alama! Zambarau! Nimezibonyeza kwa gilasi ya chai, nikijitazama mgongo kiooni, shingo nusura ikatike. Hazififii.

Jumatano, 15 Oktoba
Daktari alinivua shati. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.
Kisha akasema hajawahi kuona ugonjwa unaojipanga safu mbili, sawasawa, pande zote za uti wa mgongo. Nimpe bibi pongezi. Akasema mama yake yeye daktari huumika ovyo ovyo.
Hakuishia hapo. Akavuta kope ya chini, akatazama kucha, akataka ulimi. Akauliza kama nakunywa chai na chakula. Kila chakula, nikasema. Akasema nimepauka, huenda damu imepungua kweli. Nikauliza kwa matumaini kama inaambukiza. Hapana. Nile maini na dengu, chai ikae mbali na sahani kwani huzuia madini ya chuma, nirudi Jumapili kupimwa damu.
Nikauliza, je, nikizimia mbele ya kipaza sauti?
“Shika mlingoti wa bendera, mwanangu.”
Halafu akamweleza Mwalimu Ghubashi kila kitu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mada imebadilishwa. Nimesoma juu ya alama za ngozi, huku nimeshika mlingoti. Nilipofika kwenye choa, wavulana waliacha kutafuna mbegu za maboga, wakaanza kukaguana shingo. Nilipomaliza walipiga makofi!
Mwalimu amefurahi mno. Sasa nitasoma kila Alhamisi, hadi mwaka uishe.
Nimekula maini. Nimefikiri. Kosa lilikuwa kuchagua ngozi, kwa sababu ngozi inaonwa na kila mtu. Koo liko ndani, na kitabuni lina sura nzima.
Nimemwambia bibi koo linawasha, awe shahidi wangu.
Ameshafuata vikombe.