Virusi Mia Sita na Kumi na Tatu

Wiki nzima Tinku Bhasin alikuwa mtu wa adabu. Mama yake alishamwonya: "Wakwe wanatoa jibu la posa Ijumaa. Kabla ya hapo lazima watume mtu kuuliza habari zako, kwa hiyo tulia!" Tinku akatulia. Akawapelekea majirani wote wa mtaani vitamutamu vya laddu, boksi kwa boksi, hadi yule mzee wa ghorofa ya chini aliyekuwa akimwita mwizi akaanza kumwita mwanangu. Mtaani kukawa shwari. Sokoni hakupafikiria kabisa.

Basi Ijumaa hiyo, soko la kompyuta la Nehru Place limefurika, akamwona mama mmoja wa makamo amekumbatia laptop kama mtoto mwenye homa, anaangaza macho huku na huku. Tinku akajisemea, Mungu nisamehe, huyu nikimwacha atapigwa pesa na fundi wa kibanda jirani. Bora apigwe na mtu mstaarabu.

"Karibu mama, karibu kwa daktari! Inaumwa wapi?"

"Sijui, mwanangu. Binti wa kaka yangu kaniwekea mfumo mpya wiki jana. Sasa programu yangu ya kusaka virusi inagoma. Inasema haiendani na mfumo."

Ukweli ulikuwa mfupi: mfumo mpya huja na mlinzi wake, na ile programu kuukuu ilikuwa ya kufutwa tu. Dakika tano, bure. Lakini ukweli haujawahi kumnunulia Tinku shati.

"Alaa! Mama, hiyo si programu inayosema. Hao ni virusi wenyewe wanaongea!"

"We!" Mama akashika kifua.

Tinku akachomeka dawa yake mwenyewe, programu iliyoitwa Mlinzi wa Dhahabu. Nayo ikagoma. Haiendani na mfumo huu, ikasema, kwa maandishi makubwa mekundu. Jamaa aliyemtengenezea programu hiyo alifanya hivyo miaka kumi na miwili iliyopita, ndiyo maana hadi leo Tinku anahangaika na laptop moja kongwe, nzito kama jiwe la kusagia, maana ndiyo pekee inayokubali kuifungua.

Mwingine angebabaika. Tinku hata kope haikumcheza.

"Umeona? Wameshafunga mlango kwa ndani! Una flashi ya mafaili yako? Tuwapime kupitia humo."

Mama akapekua mkoba, akaitoa chini ya kipakiti cha shamari.

"Kila kitu chako kimo humu?"

"Kila nilichowahi kuweka kimo humo humo."

Laptop kongwe ikakoroma. Maandishi ya kijani yakateremka mbio mbio, yakasimama: virusi 613. Husimama hapo siku zote. Mia sita kamili ingenuka uongo.

"Mia sita na kumi na tatu," Tinku akasema kwa sauti ya msibani. "Wanazaliana. Kuwatoa ni rupia elfu nne."

Mama akalipa bila kubishana bei. Hapo mtu mwenye akili zake angeshtuka. Tinku yeye alikuwa anatafuta kalamu, kwa sababu mteja aliomba risiti: jina kamili, muhuri, na idadi ya virusi kwa maneno. Akaandika vizuri kabisa, kwa jina lake la kwenye vyeti, Injinia Tarun Bhasin.

"Umeoa, mwanangu?"

"Bado, mama. Lakini nyota zangu na za msichana zimepimwa kama zinaendana, tumepata alama thelathini na moja kati ya thelathini na sita! Leo wananijibu." Hapo uso wake ukabadilika, na naapa, hapo hakuwa anatapeli. Msichana mwenyewe, Vasudha, Tinku alikuwa amemwona mara moja tu, sebuleni kwao, mbele ya wazee wanane. Binti alicheka hadi chai ikampalia, na tangu siku hiyo Tinku alikuwa anatabasamu peke yake kwenye lifti. "Huyo, mama, sitamdanganya hata siku moja."

Mama akamtazama kwa muda, karibu amhurumie. Kisha akakunja risiti, akachukua vitu vyake na kwenda zake.

Saa tisa simu ikalia.

"Wamekataa," alisema mama yake Tinku. "Wanasema nyota haziendani."

"Haziendani vipi? Alama thelathini na moja, mama!"

"Shangazi yake msichana ametoka Kanpur jana kuja kukupeleleza. Hakuna posa kwao isiyopita kwake. Asubuhi kanunua flashi mpya kibanda cha tatu kutoka kwako. Mpya, Tinku! Tupu! Haina hata picha moja. Wewe ukaikuta na virusi mia sita na kumi na tatu, ukatia na muhuri. Risiti yako inazunguka kwenye simu za ukoo mzima."

Tinku akakaa chini pale pale, kwenye boksi la nyaya. Kicheko cha Vasudha kikamjia, kikamuuma kwelikweli.

"Na ile sari nyekundu tuliyowapelekea hawarudishi. Eti ni gharama za matibabu ya flashi."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Laptop yangu uliyonisafishia sikukuu ya Diwali, ukachukua elfu mbili zangu za bangili. Ilikuwa na virusi wangapi?"

Tinku akatazama kioo cha laptop kongwe. Ile namba ya kijani ilikuwa bado inawaka.

"Haloo? Mama? Mtandao unakatakata huku..."

"Haukati, Tinku. Nakusikia unavyopumua."