Kiwanja cha Madebe Manne

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Jirani Abbasi anauza kiwanja kilicho ubavuni mwangu, hapa Chemchem. Milioni tisa! Mimi changu baba yake aliniuzia kwa madebe manne ya asali, mwaka 1981. Cha leo ni madebe thelathini na sita. Nimehesabu kwa vidole vyangu vyote na vya mke wangu.

Mwanangu Doto, mwalimu, anasema asile mshahara wake miezi kumi na tano ndipo apate ardhi tupu, bila tofali. Mimi sikusoma, nyumba ninayo! Yeye ana digrii, kabanana na mkewe Magreth na watoto watatu chumba changu cha uani. Kasema mwisho wa mwezi wanahamia Kaliua, kwenye viwanja rahisi. Wajukuu zangu, Kaliua! Labda niwe nimekufa.

Jumatano, 5 Novemba
Nimempelekea Abbasi madebe manne. Kacheka mpaka kofia ikadondoka. Eti, "Mzee Masolwa, bei hiyo tuliizika na marehemu baba." Haya. Tutaona.

Alhamisi, 6 Novemba
Alfajiri nimeleta mizinga mitatu kutoka porini, yenye nyuki wakali. Nimeitundika mtini kwangu, kwenye tawi linaloingia kwa Abbasi. Tawi ni langu!

Jumamosi, 8 Novemba
Kaja mteja na suti. Kaondoka na kiatu kimoja. Jioni bei imekuwa milioni sita.

Ijumaa, 14 Novemba
Wateja watano, wote wamevimba. Leo kaja Abbasi mwenyewe, jicho limefumba, kajitanda kanga ya mkewe. Shikamoo ya adabu kabisa! Kasema nilete hayo madebe. Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimemwambia Doto digrii yake akafungie maandazi.

Jumapili, 16 Novemba
Kiwanja nimempa Doto, lakini hachimbi msingi penye nyuki. Mwoga! Nimewafukiza moshi. Wameondoka wote. Wamehamia darini kwangu.

Jumanne, 25 Novemba
Msingi umefika kiunoni. Wajukuu wanacheza kwenye mchanga. Kaliua haitajwi tena. Nani mshindi?

Mimi na mke wangu tunalala jikoni. Abbasi kapita, kanitania kwamba nyumba yangu, kwa nyuki wale, sasa haifiki hata madebe manne. Madebe manne! Nyumba nzima, na bati lake! Bei hiyo sijaisikia tangu 1981.

Nimemtuma Doto aite dalali mbio. Nainunua kabla hajatokea mjanja mwingine.